Ordinateri ya koperative isijitangaze ku kila rezo



Katika namba hii hatutasema juu ya mbegu wala juu ya mbolea. Tutasema juu ya chombo chenye kimeingia sasa ku biro za koperative nyingi, na chenye kinabeba habari zenu zote: ordinateri. Wengi kati yenu hamuigusi. Ni sekretere, jeran ao kontabli ndiye anaiwasha na kuizima. Lakini majina yaliyo ndani yake ni majina yenu, kilo zilizoandikwa mule ni za mavuno yenu, na falanga zinazohesabiwa mule ni jasho lenu. Ndiyo maana habari hii ni ya kila mwanamemba.

Tunataka kueleza jambo moja: ginsi ordinateri inajitangaza yenyewe kwa mashini zingine bila mtu kuituma, na ginsi ya kuipunguzia hiyo sauti. Kazi hii haiombi pesa, na haiombi fundi wa mbali. Inaomba dakika kumi na mtu mmoja mwenye kufuata.

Ndani ya ordinateri muko nini?

Tuanze na kile chenye tunalinda. Koperative ya kahawa ao ya kakao ikiwa na ordinateri, mara nyingi mule munakuwa: liste ya wanamemba pamoja na namba zao za telefone, hesabu ya miti ya kila mtu, kilo zilizoletwa ku stasio ya kuoshea ao ku depo, deni na avansi, bei iliyopatanwa na mnunuzi, na tarehe ya malipo.

Siku hizi kumeongezeka kitu kingine: alama za GPS za mashamba. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, ile ya kupinga bidhaa zenye kutoka ku mashamba yaliyokata pori, inaomba kila shamba la kahawa ao la kakao lijulikane mahali pake. Ikiwa shamba linapita hektari 4, si nukta moja tu yenye inaombwa, ni kuzunguka mupaka wote wa shamba. Kwa hiyo koperative zenye zinauzisha Ulaya zimepima mashamba, na alama hizo zinawekwa ndani ya ordinateri.

Sasa muweke hayo yote pamoja: jina la mtu, namba yake ya telefone, mahali shamba lake liko, kilo alizoleta, pesa atakazopokea na siku atakayozipokea. Katika maeneo yetu hatuna lazima ya kueleza sana ni nini mtu mbaya anaweza kufanya na karatasi kama hiyo. Na hata kama haiko mtu wa silaha, mfanyabiashara mwenye kushindana na ninyi atafurahi sana kujua bei yenu na deni za kila mkulima.

Sheria ya nchi yetu pia inasema juu ya hayo. Code du numérique, yenye ilitolewa tarehe 13 Machi 2023 kwa Ordonnance-loi namba 23/010, inaomba mtu anayechunga habari za watu wengine azilinde. Koperative ni kati ya hao wanaochunga.

Kujitangaza ni kufanya nini?

Wakati ordinateri inaingia ku rezo, tuseme ku wifi, kile kisanduku cha wifi kinaipa adresi, kama vile mgeni anavyopewa kiti. Mpaka hapo hakuna neno. Lakini nyuma ya kukaa, ordinateri nyingi zenye Windows zinaweza kuanza kusema kwa sauti, na wote walio ku ile rezo wanasikia: «Mimi ni ordinateri fulani. Niko hapa. Nina hiki na kile. Nani mwingine iko hapa? Kuna imprimanti?» Mashini zingine zinajibu. Nyuma ya muda kidogo kila mashini iko na liste ya jirani zake.

Jambo hilo, Windows ya Kifaransa inaliita «découverte de réseau». Sisi hapa tutasema kujitangaza. Liko na pande mbili: ordinateri yenu inaona zingine, na zingine zinaona yenu.

Halikuwekwa kwa nia mbaya. Ndani ya biro yenye ordinateri tatu na imprimanti moja, linasaidia watu wapate imprimanti bila kuandika adresi kwa mkono. Ni kama mama muuza samaki ndani ya soko: akinyamaza, nani atajua kama iko na samaki? Lakini mama huyo, akishahesabu pesa zake za siku, hatembei usiku barabarani akitangaza kiasi alichopata. Kila tangazo lina mahali pake.

Kuna pia jina. Ordinateri inajitangaza kwa jina yenye ilipewa. Tunakuta mashini zenye zimeitwa kwa neno «caisse», ao «comptable», ao jina lote la koperative. Hata kabla ya kufungua kitu, mwenye kusikiliza amekwisha kujua ni ordinateri gani ya kufuata.

Kwa wale wenye kujua mambo ya rezo: matangazo haya yanapita zaidi ku porti UDP 1900 na UDP 3702, yakielekea adresi moja ya wote, 239.255.255.250. Hayavuki kisanduku cha wifi kwenda intaneti. Yanasikiwa na walio ku rezo moja na ninyi tu. Basi ulizo kubwa ni hili: nani iko ku rezo moja na ninyi?

Hatari iko wapi?

Ku biro ya koperative yenye sekretere na jeran peke yao, walio ku rezo munawajua. Lakini ordinateri haikai ku biro siku zote. Ku vijiji vingi rezo ni ya shida, na umeme unategemea panno za jua. Siku ya kutuma raporti, sekretere anachukua ordinateri, anapanda moto, anashuka mjini. Kule anaingia ku wifi ya sibere, ya hoteli, ya chumba cha mafundisho, ao ya biro ya shirika lenye linawasaidia. Ndani ya wifi hiyo munaweza kuwa watu kumi, ishirini, ao zaidi. Hakuna anayewajua wote.

Pale hatari ni tatu.

Ya kwanza ni kuonekana. Mtu anafungua ordinateri yake, anaona jina la ordinateri yenu ndani ya liste. Hajavunja kitu chochote. Ninyi wenyewe mumemwambia kama muko pale.

Ya pili ni kuingia. Ikiwa, zaidi ya kujitangaza, dosie fulani iliachwa wazi kwa wote, tuseme siku moja sekretere aligawa liste kwa jeran kwa kupitia wifi na hakufunga tena, huyo mtu anaweza kuisoma na kuichukua. Kujitangaza ni kibao ku mlango wa depo. Kugawa dosie ni mlango wenyewe. Kibao peke yake hakifungui mlango. Lakini kibao kinaleta watu, na kama mlango uko wazi, wataingia.

Ya tatu ni ya uongo. Ordinateri yenye inatafuta mashini fulani na haiioni, inaweza kuuliza wote: «Nani anaitwa hivi?» Mtu mbaya anaweza kuweka mashini yake ijibu: «Ni mimi.» Ordinateri yenu inaamini, na inaanza kumtolea alama za kuhakikisha moto de pasi yenu. Alama hizo anaweza kuzipeleka na kujaribu kuzifungua polepole. Hatari hii, kufunga kujitangaza peke yake haiimalizi. Lakini moto de pasi ndefu inaifanya kuwa ngumu, na fundi anaweza kuifunga kando.

Tunajua vizuri ginsi ugonjwa unavyopita kutoka jirani kwenda jirani. Munakumbuka mnyauko wa migomba: kisu kimoja kilichokata mgomba mgonjwa kinapeleka ugonjwa ku mgomba muzima, na bila kupitisha kisu ku moto, shamba lote linaisha. Ku ordinateri ilikuwa vilevile mwezi wa tano 2017, wakati virusi moja yenye kuitwa WannaCry ilipita kutoka mashini moja hadi ingine ndani ya rezo, ikifunga dosie zote na kuomba dolari 300 ili zifunguliwe. Ilipata ordinateri zaidi ya 200,000 ndani ya inchi zaidi ya 150. Ku Uingereza, hospitali nyingi zilirudisha wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake tangu mwezi wa tatu mwaka ule. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuiweka.

Virusi ile haikungoja ordinateri ijitangaze. Ilipiga hodi ku kila mlango, na ikapita ku mlango wa kugawa dosie. Ndiyo maana tunasema mambo mawili pamoja: mutoe kibao, na mufunge mlango.

Rezo ya watu wote na rezo ya nyumbani

Windows inapanga rezo kwa aina mbili. «Réseau public» ni rezo ya watu wote: pale ordinateri inanyamaza. «Réseau privé» ni rezo ya nyumbani: pale ordinateri inaweza kujitangaza na kugawa. Windows inakumbuka aina ya kila rezo kando. Wifi ya biro inaweza kuwa «privé», na ya hoteli «public», ndani ya ordinateri ile ile.

Makosa mengi yanaanzia hapo. Mara ya kwanza ya kuingia ku wifi mpya, Windows inaweza kuuliza kama munakubali ordinateri ionekane na mashini zingine. Mtu iko haraka, raporti inangojwa, anafinya «Oui» ili dirisha liondoke. Tangu siku ile, kila mara anarudi ku wifi ile, ordinateri inajitangaza.

Sheria yetu ni nyepesi: ku rezo yoyote yenye si ya koperative, jibu ni «Non». Hata kama ni wifi ya kanisa, ya shule, ya rafiki, ao ya shirika letu. Jibu «Non» halizuie intaneti. Email itaenda, raporti itaenda, Whatsapp itafanya kazi.

Ginsi ya kufanya

Tunaandika maneno ya Kifaransa kama yanavyoonekana ku ekrani. Yanaweza kubadilika kidogo kufuatana na Windows yenye muko nayo. Mufanye kazi hii wakati batri imejaa, na mtu wa pili akiwa pembeni akisoma.

1. Kuhakikisha aina ya rezo. Mufungue «Paramètres», kisha «Réseau et Internet», kisha «Wi-Fi». Mufinye «Propriétés» ya wifi yenye muko ndani yake. Mutaona «Public» na «Privé». Muchague «Public». Kama munatumia telefone ya sekretere ili kutoa rezo, mufanye vilevile.

2. Kufunga kujitangaza. Ku Windows 10: «Panneau de configuration», «Réseau et Internet», «Centre Réseau et partage», kisha ku upande wa kushoto «Modifier les paramètres de partage avancés». Ku Windows 11: «Paramètres», «Réseau et Internet», «Paramètres réseau avancés», «Paramètres de partage avancés». Pale mutakuta sehemu ya rezo «privé» na sehemu ya rezo «public». Ku sehemu ya «public», mufunge «découverte de réseau». Ku sehemu ya «privé», mufunge pia, isipokuwa kama munaihitaji kweli ndani ya biro.

3. Kuzuia mashini zisijiweke zenyewe. Chini ya «découverte de réseau» ya rezo «privé», kuna kisanduku kidogo kinachosema juu ya kuweka vyombo vya rezo kwa njia ya otomatiki. Mutoe alama. Imprimanti ao ekrani isiingie ku ordinateri yenu bila mtu kuiomba.

4. Kufunga mlango. Pale pale, mufunge «partage de fichiers et d'imprimantes» ku sehemu ya «public», na ku sehemu ya «privé» kama hamuitumie. Chini, ku «Tous les réseaux», mufunge kugawa dosie za wote, na muache «partage protégé par mot de passe» ikiwa imewashwa. Kisha mufinye «Enregistrer les modifications» kama iko.

5. Kubadili jina. «Paramètres», «Système», «Informations système», «Renommer ce PC». Muchague jina lisilosema kitu: jina la mti ao la mto, pamoja na namba. Lisiwe jina la koperative wala la kazi. Ordinateri itaomba kuzimwa na kuwashwa tena.

6. Kusahau wifi za zamani. Ndani ya «Gérer les réseaux connus» mutakuta liste ya wifi zote zenye ordinateri iliingia. Zile zenye hamutarudia, muzifute. Ku zile zenye mutarudia, mutoe alama ya kuingia yenyewe, ili mtu aamue kila mara.

Kisha muhakikishe. Muchukue ordinateri ya pili, muiweke ku wifi ile ile, mufungue «Explorateur de fichiers» na «Réseau». Ili iweze kuangalia, hiyo ya pili inapashwa kuwa na «découverte de réseau» wazi kwa muda huo, mukimaliza, muifunge. Mungoje dakika chache, juu ya liste haibadiliki mara moja. Jina la ordinateri ya koperative likikosa ndani ya liste, ni vizuri.

Na imprimanti?

Hili ndilo ulizo la kwanza la masekretere, na liko na haki. Imprimanti yenye imefungwa ku ordinateri kwa kamba ya USB haihitaji kujitangaza hata kidogo. Itaendelea kuchapa. Imprimanti ya wifi yenye iliwekwa kwa adresi yake, nayo itaendelea kwa kawaida. Shida inaweza kutokea siku ya kuweka imprimanti mpya. Siku hiyo, mukiwa ndani ya biro yenu, mufungue «découverte de réseau» ku rezo «privé», muweke imprimanti, muchape karatasi moja ya kujaribu, kisha mufunge tena. Ni kama depo: munaifungua wakati wa kuingiza magunia, hamuiachi wazi usiku kucha.

Ikiwa biro yenu iko na ordinateri mbili zenye kugawana imprimanti ao dosie kila siku, munaweza kuacha wifi ya biro «privé» na kujitangaza wazi. Lakini basi moto de pasi ya ile wifi isitolewe kwa wageni, wala isiandikwe ku ukuta. Mgeni akiomba rezo, atumie telefone yake. Na kama moto de pasi imekwisha kuzunguka kijiji chote, muibadilishe kwanza.

Mambo yenye hii haifanyi

Tusidanganyane. Kufunga kujitangaza hakuzuii virusi yenye inakuja na kle USB. Hakuzuii mwizi kubeba ordinateri yenyewe. Hakufichi kazi yenu kwa mwenye wifi. Na mtu mwenye ujuzi anaweza kupata ordinateri hata kama imenyamaza, kwa kujaribu adresi moja moja.

Kwa hiyo muongeze mambo haya manne. «Pare-feu» ya Windows ikae wazi siku zote. Mise à jour zifanywe kila mara rezo nzuri inapatikana; Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, basi mashini za zamani zichungwe zaidi. Ordinateri iwe na moto de pasi ndefu, yenye kujulikana na watu wawili, si zaidi. Na kopi ya liste na hesabu iwekwe ku disiki ya kando, ichomolewe nyuma ya kila kopi, na ifungwe ndani ya sanduku mahali pengine. Kopi yenye inabakia imefungwa ku ordinateri itaugua pamoja nayo.

Maulizo ya kupeleka ku mkutano

Mwanamemba asiyejua kuandika ku ordinateri bado iko na haki ya kuuliza. Ku mkutano mkuu wenu, muulize kamati mambo haya:

Ordinateri ya koperative inaingia ku wifi gani, nje ya biro?
Nani alihakikisha kama haijitangazi kule, na ilikuwa tarehe gani?
Dosie gani zimegawanywa, na kwa nani?
Alama za GPS za mashamba yetu, nani anaweza kuzifungua?
Kopi iko wapi, na mara ya mwisho ilifanywa lini?

Majibu yaandikwe ndani ya PV. Mtu mmoja apewe kazi ya kuhakikisha kila miezi mitatu, na kila mara ordinateri inatoka kwa fundi, juu ya fundi anaweza kurudisha Windows mpya pamoja na mapango yake ya zamani. Kama sekretere anabadilishwa, mpya afundishwe siku ya kwanza, pamoja na kupewa fungulo za depo.

Munapima kahawa yenu kwa kilo, hamukubali hata gramu ipotee ku mizani. Habari zenu pia ni mavuno. Zichungwe na mlango uliofungwa, bila kibao.

Kazi njema, na mavuno mema kwenu wote.